Tung'oe Mche Kwanza, Urea Baadaye

(Mazungumzo ya Kamati ya Malisho mbele ya mkutano wa wanaushirika, Issuna. Yameandikwa hapa ubaoni kwa faida ya ndugu ambao hawakuwahi kufika.)



Maneno yetu si mengi, lakini yanahusu fedha zetu sote na ng'ombe wetu sote. Kwa hiyo tunaomba masikio.

Jambo lililo mbele yetu mnalijua. Shamba la malisho la ushirika ni ekari tano. Tumekwisha kubaliana kwamba msimu huu tupande kunde na fiwi, tuzikate, tuzikaushe, tuwawekee ng'ombe wa maziwa na maksai akiba ya kiangazi. Hapo hakuna ubishi. Ubishi umeingia kwenye mbolea. Ndugu wengine wanasema tutoe fedha za mfuko tununue urea mifuko mitano, mfuko mmoja kila ekari. Wengine wanasema tusinunue kitu, kwa kuwa babu zetu walilima kunde na hawakuijua urea. Na wengine wanasema tununue vile vipakiti vya bakteria. Mkutano ukatuagiza: nendeni mkatafute ukweli, mje mtueleze kabla hatujapiga kura. Ndiyo tumekuja.

NJAA YA NG'OMBE NI NJAA YA NINI?

Huku kwetu mvua inaanza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, inakwisha mwezi wa nne. Kwa mwaka mzima mkoa wetu wa Singida hupata milimita 500 hadi 800 hivi. Baada ya hapo ni jua na upepo mpaka mvua nyingine. Mwezi wa nane majani hayakosekani kabisa. Yapo, makavu, yamesimama. Ng'ombe anayala, na bado mbavu zinahesabika. Kwa nini?

Ni kwa sababu majani hayo yamebaki makapi. Nyasi zikikauka hivyo, protini yake huweza kushuka hadi sehemu 3 au 4 katika 100. Sasa, tumboni mwa ng'ombe kuna vijidudu vinavyomsaidia kuvunja majani. Protini ikiwa chini ya sehemu 7 hivi katika 100, vijidudu hivyo vinakosa nguvu. Majani yanakaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anajisikia ameshiba, na kumbe ana njaa. Hei ya kunde au fiwi iliyokatwa mapema na kutunzwa na majani yake ina protini sehemu 15 katika 100, au zaidi. Ukimchanganyia kidogo, hata yale makapi anayala vizuri.

Na protini haiwezi kutengenezwa bila naitrojeni. Kwa hiyo ubishi wetu wote, tukiutazama vizuri, ni swali moja: naitrojeni ya malisho yetu tutaitoa wapi?

KAMBA MBILI ZA KISIMA KIMOJA

Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, 78 ni naitrojeni. Imejaa hapa mkutanoni, imejaa shambani. Lakini mmea hauwezi kuichukua hivi hivi. Ni kama mtu mwenye kiu aliyekaa ukingoni mwa kisima kirefu bila kamba wala ndoo.

Kamba ziko mbili. Ya kwanza ni kiwanda. Mjerumani Fritz Haber aliweza kuigeuza naitrojeni ya hewa mwaka 1909, na mwaka 1913 kiwanda kikubwa kikaanza kazi huko Oppau, Ujerumani. Urea inatoka katika njia hiyo. Kazi hiyo inataka moto mkali, mgandamizo mkubwa na gesi nyingi. Ndiyo maana gesi ilipopanda bei duniani mwaka 2021 na 2022, mbolea nayo ikapanda mpaka huku kijijini, na Serikali ikaanzisha ruzuku ya mbolea kwa msimu wa 2022/2023. Kamba hii inavuta kweli, lakini kila ndoo unailipia.

Kamba ya pili ni bakteria wa ardhini. Mjerumani mwingine, Hermann Hellriegel, alitangaza mwaka 1886 kwamba mimea ya jamii ya mikunde inapata naitrojeni ya hewa kwa msaada wa viumbe wadogo wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi. Miaka miwili baadaye, 1888, Mholanzi Martinus Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe na kuwafuga peke yao. Kumbe kazi ya kiwanda ilikuwa ikifanyika zamani sana chini ya kunde za bibi zetu, bila moto wala moshi.

Lakini bakteria hao hawafanyi kazi bure. Ni nipe nikupe. Mmea unawapa sukari inayotoka kwenye majani, na wao wanaupa naitrojeni. Kuwalisha ni gharama kwa mmea. Basi sikilizeni hapa, maana ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Ukimwaga urea nyingi chini ya kunde, kunde inakuta chakula kiko mlangoni. Mama aliyeletewa unga nyumbani hana haja ya kwenda mashineni. Mmea unapunguza vinundu, na vilivyopo vinalegea. Naitrojeni uliyokuwa uipate bure umeibadilisha na ya kununua. Majani hayaongezeki kwa kiasi cha kulipa gharama, ila fedha imekwenda.

KWA NINI BASI NDUGU WENGINE WAMEONA UREA IKIFANYA KAZI?

Ndugu waliosema hivyo hawakudanganya, na wasichekwe. Ziko hali tatu.

Hali ya kwanza: mkunde una bakteria wake, na bakteria wanafanya kazi. Hapo urea haiongezi kitu cha maana.

Hali ya pili: mkunde hauna bakteria wake katika udongo ule. Hapo mmea unakuwa wa manjano, mfupi, na ukiupa urea unaamka na kuwa kijani. Aliyeona hivyo ameona kweli. Ila dawa ya rahisi zaidi ilikuwa kuupa bakteria, siyo kuununulia urea kila mwaka.

Hali ya tatu: malisho ni mchanganyiko wa nyasi na mikunde. Ukitia urea, shamba zima linapendeza. Lakini aliyekula ni nyasi. Nyasi zinarefuka, zinaifunika mikunde jua, na baada ya muda mikunde inapotea. Umeua ng'ombe ili upate kamba.

Tufanye na hesabu kidogo. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni sehemu 46 katika 100, yaani kilo 23. Kwa upande mwingine, wataalamu hukadiria kwamba mikunde yenye vinundu vizuri huvuta hewani kama kilo 20 za naitrojeni kwa kila tani moja ya majani makavu. Kwa maneno mengine, kila tani ya hei ya mikunde inakaribia kubeba mfuko mmoja wa urea ambao hakuna aliyeubeba kutoka dukani.

TUTAJUAJE HALI YETU NI IPI?

Si kwa kubishana. Ni kwa kung'oa mche. Wiki ya tano au ya sita baada ya kuota, kunde zikikaribia maua, chimbeni kwa jembe kuzunguka mche, msivute kwa nguvu, maana vinundu hubaki ardhini. Oshsheni udongo taratibu kwenye debe la maji. Kisha tazameni:

(1) Kinundu cha bakteria kimekaa ubavuni mwa mzizi na kinabanduka kwa ukucha. Uvimbe ambao ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki, huo ni ugonjwa wa minyoo ya mizizi. Tusiuchanganye.

(2) Pasua kinundu kwa wembe. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, kama nyama, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe, bado ni kichanga au hakifanyi kazi. Kikiwa cha kijani au cha kahawia, kimechoka.

(3) Vinundu vikubwa vyekundu vichache karibu na shina ni bora kuliko vidogo vyeupe mia.

Wiki mbili tatu za kwanza msishtuke mkiona umanjano kidogo. Vinundu bado vinajengwa.

Kunde na fiwi ni mimea ya Afrika tangu asili, na bakteria wanaozifaa huwa wamo katika udongo mwingi wa kwetu. Ndiyo sababu babu zetu hawakununua kitu na kunde zikakubali. Lakini soya ilitoka China, na lusina ilitoka Asia. Hizo huchagua. Bakteria wa kunde hamtoshi lusina kabisa, na soya za aina nyingi pia zinataka bakteria wake. Ukizipanda kwenye udongo mpya bila kuzipa bakteria, usilaumu mbegu.

KOSA LETU SISI KAMATI

Ndugu wanaushirika, tulisema tutasema kweli. Ile soya ya msimu uliopita, iliyotoka manjano kama imemwagiwa maji ya moto, ilitutia aibu, na wengi mkasema vipakiti vya bakteria ni uongo. Tumekaa tukachunguza. Kosa ni letu.

Kipakiti tulikinunua kwenye duka ambako kilikuwa kimewekwa dirishani, juani, na hatukusoma tarehe ya mwisho. Tukakifunga juu ya basi pamoja na mizigo. Kufika hapa tukakiweka ghalani chini ya bati wiki tatu. Siku ya kupanda tukakichanganya na mbegu ambazo zilikuwa zimepakwa dawa nyekundu ya kuua kuvu, kisha tukaziacha kwenye turubai mpaka saa sita mchana tukingoja maksai. Jamani, bakteria ni kiumbe hai. Tulimuua mara nne. Tuliponga'oa ile soya mizizi ilikuwa mitupu kama uzi, wakati kunde za jirani yake, ambazo hatukuzipa chochote, zilikuwa na vinundu vyekundu. Fedha ile ilikuwa ya wote, na tunaomba radhi kwa wote.

Bakteria wa pakiti wapo, na kazi yao inajulikana. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kiliwahi kutengeneza wa soya kwa jina la Nitrosua. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza Biofix, ambayo baadaye ikachukuliwa na kampuni ya MEA ya Nakuru. Ila kila pakiti ina mmea wake. Ya soya si ya lusina. Yatupasa kusoma jina la mmea na tarehe, kuiweka mahali pa baridi, kivulini, ndani ya chungu chenye mchanga mbichi kama hakuna friji, kuchanganya na mbegu kivulini siku ile ile ya kupanda, na kufukia mara moja.

BAKTERIA HALETI MVUA

Isije ikaonekana tunawauzia dawa ya kila kitu. Hapo jirani mkoa wa Dodoma, Kongwa, Waingereza walianza mwaka 1947 mpango mkubwa wa karanga. Karanga nazo ni mikunde. Walikuja na matrekta na fedha nyingi. Mvua ikawa haba, udongo ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, vyuma vinavunjika, karanga hazing'oleki. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na Kongwa ikaja kujulikana kwa ranchi ya ng'ombe. Somo ni kwamba vinundu havishindi ukame. Udongo ukikauka, vinundu vinalala kabla hata jani halijanyauka. Kwa hiyo kupanda na mvua za kwanza, kupalilia mapema, na kukinga maji kwa matuta ni sehemu ya kumtunza bakteria.

Tena bakteria anataka fosfati. Udongo usio na fosfati, vinundu vinakuwa vidogo na vichache, na hapo hata urea haisaidii. Fosfati tunayo nchini mwetu, inachimbwa Minjingu, mkoa wa Manyara. Samadi iliyooza vizuri nayo inaleta kiasi. Lakini samadi mbichi kwa wingi ina naitrojeni nyingi, na hufanya yale yale ya urea. Tulichimba kunde zilizoota juu ya zizi la zamani: majani mapana kama sinia, mizizi karibu haina kinundu.

Jambo lingine ni ukataji. Ukikata mikunde mpaka chini, sukari ya kuwalisha bakteria inakatika, vinundu vinakufa. Fiwi tukitaka ichipue tena, tuiachie shina la shubiri moja na majani machache. Na tuikaushe bila kuipigapiga, kwa sababu majani yakidondoka, protini imebaki shambani.

SAMADI IRUDI SHAMBANI

Kuna neno husemwa kwamba mikunde inarutubisha ardhi. Ni kweli kwa sharti. Ukivuna mbegu na kuacha majani yaoze, ardhi inapata. Lakini sisi tunakata kila kitu tunampa ng'ombe. Naitrojeni yote inapanda mkokoteni inakwenda zizini. Kama samadi ile itabaki kuwa kichuguu nyuma ya zizi, au itauzwa, basi mwaka hata mwaka tutakuwa tunahamisha rutuba kutoka ekari tano kwenda kwenye kichuguu. Mtama na uwele tutakaopanda baada ya fiwi hautaona faida yoyote. Mkokoteni uliopeleka majani zizini yafaa urudi na samadi.

TUNAYOPENDEKEZA

(1) Mkutano usinunue urea mifuko mitano kwa ajili ya kunde na fiwi. Ununue mfuko mmoja tu, na huo tuutumie kwenye mahindi, na kidogo kwenye jaribio tutakaloeleza. Mahindi, mtama na nyasi hazina bakteria wa namna hii, na huko urea ina kazi yake.

(2) Fedha itakayobaki inunue fosfati ya Minjingu kwa shamba la malisho, na pakiti moja ya bakteria wa soya kwa jaribio.

(3) Tulime vipande vitatu vya soya, kila kimoja mita 10 kwa mita 4, mbegu moja, siku moja, vyote vitiwe fosfati sawasawa. Cha kwanza tusikipe kitu zaidi. Cha pili tukipe urea nusu kilo, ambayo ni sawa na mfuko mmoja kwa ekari, tuigawe mara mbili udongo ukiwa na unyevu. Cha tatu tukipe bakteria, na tukipande mwisho, ili mikono na majembe yasiwahamishie wengine. Kisha wote tuje tutazame. Cha urea kikiwa kijani na kisicho na kitu kikiwa manjano, udongo wetu hauna bakteria wa soya. Cha bakteria kikilingana na cha urea, tumepata mbadala. Vyote vitatu vikilingana, tuchimbe mizizi tuone: ama bakteria walikuwemo, ama kuna upungufu mwingine, wa maji au wa rutuba.

(4) Kila mwanaushirika ang'oe miche mitatu ya kunde shambani kwake wiki ya sita, aje nayo mkutanoni. Wembe tutaleta sisi.

(5) Mfuko wa urea ufungiwe, usikae karibu na hei wala maji ya mifugo. Ng'ombe akilamba urea nyingi anakufa muda mfupi.

Ndugu zangu, ushirika wetu ni mdogo na mfuko wake ni mdogo. Mifuko mitano ya urea si kitu kwa tajiri, kwetu ni chanjo za ndama wa mwaka mzima. Hatusemi mbolea ya dukani ni mbaya. Tunasema tusinunue kitu ambacho huenda tayari tunacho chini ya miguu yetu, kabla hatujainama kutazama.

Kura ni Jumamosi, baada ya mnada. Mwenye swali asilifiche, aje tuliulize pamoja.



Kamati ya Malisho